Wimbo wa Tangi la Maji

Katika kanda moja iliyouzwa hadi Ulaya, mwanangu, yamo majina ya wanawake kumi na mmoja wa Mugutha. Wote niliwajua. Yanaimbwa na Mwingereza mwenye sauti ya mkwaruzo, gitaa likilia nyuma yake. Jina ambalo halimo ni la mwanamke aliyeutunga wimbo huo. Halimo kwa sababu yangu, na siku lilipopotea naikumbuka vizuri kuliko siku niliyooa.

Niruhusu nianzie nyuma kidogo. Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa kijana wa Kiganjo, Thika, karani katika shamba moja la kahawa upande wa Ruiru. Ukarani ulinilisha, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye magazeti. Gazeti moja la Kiswahili lilikuwa likichapisha vijihabari vyangu: daraja limebomoka, ng'ombe amezaa mapacha. Nilitaka habari kubwa.

Habari hiyo ikaja yenyewe hadi shambani. Meneja wetu alikuwa Mwingereza, na kaka ya mkewe alikuwa Rodney Marl. Wewe humjui, lakini sisi tuliosikiliza muziki wa roki redioni tukiwa shule ya upili tulimjua. Alikuwa mwana wa mchimba makaa ya mawe. Aliimba kanisani hadi sauti ikavunjika, akaacha shule, akaanzisha bendi na wenzake watatu ndani ya ghala la viazi. Kabla hajatimiza miaka ishirini na mitano alikuwa akijaza viwanja vya mpira. Kisha ikaja pombe, ndoa mbili zikavunjika, bendi ikasambaratika, na kwa miaka minane hakutoa kanda hata moja. Alikuja kwa dada yake kupumzika. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za nyumba ya meneja, amevaa ndara, akimenya chungwa, nami nikavua kofia kana kwamba nimemwona rais.

Akina mama wa Mugutha, kijiji cha jirani, waliochuma kahawa pale shambani walikuwa na kikundi chao. Kila baada ya miezi michache mmoja wao alipata tangi la mabati la kuvunia maji ya mvua. Siku ya kulipokea, wenzake walibeba mchanga na mawe ya msingi migongoni, wakafika kwake wakiimba. Wimbo huo ulitungwa na Mama Wairimu, kiongozi wao, na haikuwa siri. Mimi mwenyewe nilimsikia akiutunga kati ya mistari ya kahawa, akiwafundisha wenzake ubeti kwa ubeti, akiwarudisha nyuma walipokosea. Ulisema mvua ya kwa Njeri haitoroki tena, mvua ya kwa Muthoni imepata mahali pa kulala. Kila aliyepata tangi aliongezwa jina.

Lakini kwetu anayeongoza wimbo hajitaji. Ni aibu. Huwataja wenzake, na zamu yake ikifika wao ndio humtaja. Tena kiongozi wa kikundi hupokea wa mwisho. Walikuwa wanawake kumi na wawili, na siku Rodney alipofika Mugutha na kinasa sauti chake, aliyekuwa akiimbiwa ni wa kumi na moja.

Nilimpeleka mimi, Jumamosi mchana, nyumbani kwa Njeri aliyekuwa akipokea tangi lake.

"Karani," akaniuliza Njeri, "huyu mgeni wako anakula githeri?"

"Anakula."

"Na mchanga anabeba? Hapa hakuna mtu anasikiliza bure."

Rodney akabeba gunia, akateleza kwenye tope, akaanguka nalo. Walimcheka hadi wengine wakakaa chini. Aliinuka akicheka pia. Sikufichi, alikuwa mtu wa kupendeza. Usidhani kila anayekudhulumu atakuja amekunja uso.

Wimbo ulipokwisha alizima kinasa sauti. Kisha akaniomba niulize ni nani aliyeutunga. Nikamuuliza Mama Wairimu. Alijifuta mikono kwenye leso, akaangalia chini, akasema, "Mwambie ni wetu sote."

Hilo ndilo jibu la heshima. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba ukijibiwa hivyo unageuka na kuwauliza waliosimama kando, na hao ndio watakaokutajia mtu. Walikuwa wamesimama pale wakingoja niwaulize. Njeri alikuwa ameshafungua mdomo. Mimi nikamgeukia Rodney nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba ni wimbo wa jadi, hauna mtunzi.

Nilikuwa na haraka. Rodney alikuwa ameniahidi kwamba jioni hiyo atanieleza kilichoivunja bendi yake, jambo ambalo hakuwa amemwambia mwandishi yeyote. Akanieleza kweli, kwenye zile ngazi. Mwenzake wa utotoni alikuwa ameliondoa jina lake kwenye wimbo waliotunga pamoja. Walishtakiana miaka mitatu. Machozi yalimtoka akisimulia, nami nikayaandika yale machozi.

Makala yangu ilichukua nusu ukurasa. Niliandika juu ya baba yake na makaa ya mawe, juu ya gitaa lake la kwanza, hata juu ya mbwa wake. Mugutha ilipata sentensi mbili, na ya pili ilisema kwamba msanii huyo alivutiwa na wimbo wa jadi wa akina mama, ambao hauna mtunzi. Nilinunua nakala tano. Moja nilimtumia kwa posta alipokwisha kurudi Uingereza, naye akaniletea picha yenye sahihi yake. Niliitundika ukutani juu ya kitanda.

Mwaka mmoja na nusu baadaye Wairimu, binti ya Mama Wairimu, alikuja ofisini kwangu akiwa bado na chanuo mkononi. Alikuwa msusi katika saluni moja mjini Thika.

"Karani, umesikia redio?"

"Nisikie nini?"

"Mamangu. Nimemsikia mamangu akiimbwa na mtu mwingine."

Tuliitafuta kanda hiyo hadi tukaipata. Mvua ilikuwa imegeuzwa kuwa msichana aliyemwacha Rodney. Majina ya akina mama yalibaki mwishoni, kama shanga za urembo, yakitamkwa ovyo. Karatasi ya ndani iliandikwa: muziki na maneno ni ya R. Marl, kutokana na wimbo wa jadi wa Kiafrika. Magazeti ya kwao yalisema amefufuka. Viwanja vikajaa tena.

Wairimu aliiandikia kampuni ya kanda, nami nikamsaidia. Jibu lilikuja na kipande cha gazeti kilichotolewa nakala: makala yangu, na ile sentensi ya pili imepigiwa mstari. Gazeti la nchini mwenu wenyewe, walisema, limethibitisha kwamba wimbo hauna mtunzi.

Mama Wairimu hakujua Kiingereza, lakini makala ilikuwa ya Kiswahili. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno. Mimi nilikuwa nimeanza kumlaani Rodney kwa sauti. Akaninyamazisha.

"Karani, wewe ulinisikia nikiutunga?"

"Nilikusikia."

"Huyo mzungu alinisikia?"

"Hapana."

"Basi usinipigie kelele juu ya mzungu. Yeye aliuliza. Wewe ndiye uliyejibu."

"Lakini mama, si wewe ulisema ni wenu wote?"

"Ulitaka nijisifu mbele ya mgeni? Wewe ulizaliwa wapi?"

Wairimu akamuuliza mama yake anataka nini hasa.

"Nataka jina," akasema. "Na hayo mengine yakija, sitayafukuza mlangoni."

Nilikwenda kwa mhariri kuomba masahihisho. Aliniambia hakuna anayesoma habari ya mwaka juzi, akarudi kwenye chai yake. Nikamwandikia Rodney kurasa nne. Nilimtajia Mama Wairimu kwa majina yake yote matatu, nikamweleza kosa langu, nikamkumbusha yale machozi. Alijibu kwa kadi. Alisema kila anaposimama jukwaani huwashukuru wanawake wa Afrika.

Wanawake wa Afrika, mwanangu. Mtu aliyepoteza rafiki wa utotoni kwa sababu ya jina kwenye wimbo! Alijua uchungu wake kuliko mimi, akaniandikia vile. Nimezeeka, na hasira hiyo haijazeeka. Lakini kila inaponipanda, swali la Mama Wairimu, kama nilimsikia akiutunga, huja nyuma yake, nami nageuka kujikasirikia mwenyewe.

Sasa wewe umechagua kazi ya kuandika, kwa hiyo nisikilize. Ukiulizwa jambo la watu wako na mtu wa mbali, usijibu upesi ili aendelee kukupenda. Mtu mwenye adabu akikataa sifa, usimwamini. Waulize walio kando yake. Usiandike kwamba kitu hakina mwenyewe eti kwa sababu mwenyewe hakujitokeza. Sentensi uliyoiandika ukiwa na haraka itasafiri hadi mahali ambapo huwezi kuifuata, na huko itatumiwa dhidi ya watu waliokupa githeri. Na mtu mkubwa akikulilia, mwandike, lakini mwandike pia yule asiyelia.

Mungu akupe mkono mwaminifu na masikio yenye subira. Akulinde na picha zenye sahihi. Majina utakayoyaandika yakuombee heri wewe na watoto wako.

Akina mama wa kikundi kile walikwenda kwa chifu, kila mmoja akaeleza alichokijua na kutia sahihi au dole gumba. Tuliitumia kampuni ya kanda karatasi zote kwa rejista kutoka posta ya Ruiru. Kampuni ile ilikuwa imenunuliwa na nyingine. Hiyo nyingine ilituandikia mara moja tu, kusema kwamba faili linatafutwa. Mama Wairimu bado yuko Mugutha, na faili bado linatafutwa.