Kengele Niliyoipunguza Sauti

Iko siku moja, mwanangu, ambayo ningependa nikusimulie kabla hujavaa sare yako ya kwanza. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua sijafikia umri wa kukuzaa na mvi hata moja sina, lakini kwenye wodi yetu hapa Mbarara mtu akishamaliza miaka sita anaitwa mzee, na jina hilo nimeshalizoea. Mzee Esta. Basi kaa hapo, mzee azungumze.

Wakati huo nilikuwa na wiki saba tu katika wodi ya wagonjwa mahututi. Hospitali yenyewe tuliache jina lake. Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, na nilikuwa muuguzi wa kwanza wa wodi ile kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Shule yangu unaijua. Ya msingi niliianza kwa Kifaransa kule Kivu ya Kusini, nikaimalizia Nakivale kwa Kiingereza, na ile ya uuguzi niliipita kwa kujikokota. Lakini ndoto nilikuwa nazo tele. Nikisukuma toroli la dawa nilikuwa naona chumba kama kile kimeshajengwa kwetu Rubondo, mtaa wetu kule kambini, vitanda vinne, mashine zinawaka, na mimi ndiye ninayepanga zamu. Kanisa zima lilijua. Mama yangu akipita sokoni walimwita Mama Daktari, na yeye wala hakuwasahihisha.

Ilikuwa Jumamosi mchana, saa ya kuona wagonjwa. Mgonjwa wangu alikuwa Mama Riziki, mkulima wa mahindi na mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya yetu. Alikuwa na nimonia kali. Alipumua kwa maski yenye kifuko chini ya kidevu, ile inayopokea oksijeni kwa mrija mrefu kutoka ukutani. Kidoleni alikuwa amebanwa kifaa kinachopima oksijeni iliyomo kwenye damu, na namba yake ilionekana kwenye mashine juu ya kichwa. Asubuhi ilikuwa tisini na tatu. Daktari alikuwa ametuambia kwamba akiendelea hivyo, Jumatatu tutaanza kumpunguzia oksijeni.

Sheria ya wodi ni wageni wawili kwa kitanda. Mlangoni wakatokea saba, mbele yao Mchungaji Byamungu wa kanisa letu, suti ya kahawia, viatu vimejaa vumbi la barabara ya Isingiro.

"Esta wetu!" akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Muangalie vile amenona! Mbarara iko inamutunza."

"Karibuni, mutumishi. Lakini hapa wanaingia wawili tu."

"Wawili? Tumetoka Nakivale asubuhi sana, batu saba. Wawili waombe, watano wabaki inje kuhesabu matofali?"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha mama mmoja wa kwaya akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akasema, "Ao mutu akishavaa nguo nyeupe anasahau batu ya kwabo?"

Hilo lilinichoma. Wewe pia utaambiwa, jiandae. Nikafungua mlango, wakaingia wote saba.

Unajua tunavyoomba sisi. Kwetu hakuna kuomba mmoja huku wengine wakisikiliza. Tunaomba wote kwa pamoja na kwa sauti, kila mtu na maneno yake, mikono juu ya mgonjwa, macho yamefungwa mpaka mchungaji aseme amina. Nilipokuwa mdogo, nikifungua jicho katikati ya maombi mama alinifinya paja. Kwa hiyo usidhani nilikuwa mzembe. Nilikuwa nafanya kile nilicholelewa nacho.

Mchungaji alikuwa hajafika mbali, mashine ikalia. Ilikuwa imelia mara nyingi tangu asubuhi, kwa sababu Mama Riziki akisogeza kidole tu inalia. Mchungaji akafungua jicho moja, akanitazama. Nikaona aibu kana kwamba ni mtoto wangu anayelia kanisani. Nikanyoosha mkono, nikapunguza sauti ya kengele mpaka mwisho. Halafu, na hapa naomba unisikie vizuri, nikamshika mkono yule mama wa kwaya nikafunga macho.

Niliomba kwa moyo wote. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Kwa maombi yetu yalikuwa mafupi.

Tuliposema amina nikafungua macho, nikaona namba nyekundu: sitini na nane, inawaka na kuzimika bila sauti yoyote. Midomo ya Mama Riziki ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Kifuko cha maski kilikuwa kimelala bapa kifuani. Nikaufuata mrija kwa mkono, nikaukuta mwisho wake uko sakafuni, kando ya kiatu cha mtu. Mmoja wetu alipoinama kumwekea mgonjwa mkono aliuvuta bila kujua. Oksijeni ilikuwa inavuma peke yake ukutani, na sauti zetu zimeifunika.

Nikauchomeka mrija. Nikawatoa wageni wote, nikisema tu, "Muende inje, muende inje." Hakuna aliyeuona mrija sakafuni isipokuwa mimi. Nikarudisha sauti ya kengele, ikalia, na kwa mlio huo akaja Sista Kyomugisha, mkuu wa zamu, na daktari nyuma yake.

Sista Kyomugisha alikuwa Mnyankore wa Ruti, hapa hapa mjini, mwembamba, mwenye hatua ndefu. Kiswahili alikipata kwa baba yake aliyekuwa askari, na alikizungumza hivyo hivyo kiaskari.

Daktari akatazama namba. Sabini na mbili. Akatazama chati ya asubuhi.

"Alikuwa vizuri," akasema. "Ameshuka ghafla namna hii, mapafu yamechoka. Tusingoje. Tumlaze, tumwekee mpira wa kooni, mashine impumulie."

Jambo hilo si dogo, mwanangu. Mgonjwa analazwa kwa dawa asijijue, mpira unapitishwa kooni, na kuanzia hapo pumzi yake iko mikononi mwenu. Kwa anayeihitaji, mashine ile ni uhai. Kwa asiyeihitaji, mmemtia kwenye hatari bure, na wapo wanaowekwa humo wasitoke.

Sista alikuwa na desturi yake. Haandai dawa ya kulaza mtu kabla hajauliza.

"Nani alikuwa na mgonjwa?"

"Mimi, sista."

"Nini ilibadilika?"

"Hakuna kitu, sista."

Maneno yakatoka hivyo, mepesi kama salamu. Nilikuwa naiona ile miezi mitatu yangu, namwona mama akipita sokoni. Nikajiambia, si mrija umesharudi? Namba itapanda, wataona wenyewe, wataacha. Lakini kwenye mapafu yenye ugonjwa namba haina haraka. Ilikuwa sabini na nne, na Sista alishavunja kichupa cha dawa. Niliitazama dawa ile ikipanda ndani ya bomba la sindano, nyeupe kama maziwa.

"Sista, ngoja," nikasema. "Nimedanganya."

Hakugeuka. Mkono wake tu ulisimama. "Sema."

"Mrija ulitoka ukutani. Niliingiza watu saba. Nilipunguza sauti ya kengele, nikafunga macho tukaomba. Sijui alikaa bila oksijeni kwa muda gani. Nimeurudisha sasa hivi kabla hamjaja."

Daktari hakunitukana. Aliweka kipimo chake cha masikioni kifuani mwa mgonjwa, akasikiliza kulia na kushoto, akaubonyeza mrija pale ukutani kuhakikisha umekaa. "Tungoje dakika tano," akasema. "Vifaa vikae hapa hapa. Asitoke mtu."

Tukasimama watatu tukiangalia namba. Sabini na tisa. Themanini na nne. Hapo ikagoma, ikakaa pale pale. Themanini na nane. Tisini na moja. Midomo ikarudi rangi yake. Sista akaitupa ile sindano kwenye kopo la sindano, akaniambia nimfuate.

Tuliingia kwenye chumba cha mashuka. Nilitegemea kelele, lakini alizungumza taratibu, na nadhani kelele zingekuwa nafuu.

"Wewe Esta, unafikiri mimi siombi?"

"Unaomba, sista."

"Naomba kila siku. Macho iko wazi, mkono iko kwa mgonjwa. Mungu hajaniuliza hata siku moja kwa nini sifungi." Akaelekeza kidole upande wa wodi. "Na hiyo kengele unafikiri ni kelele? Hiyo ni Mama Riziki anaita. Hana sauti, anaita na mashine. Wewe ukamfunga mdomo."

Nikaanza kulia. Akanipa shuka nifutie uso, shuka zima, mpaka leo nikikumbuka nacheka.

"Sasa sikia. Mrija inaweza kutoka kwa mtu yeyote. Kwangu ilitoka. Lakini ile 'hakuna kitu' yako ndiyo mbaya. Mimi nilikuwa nafanya kazi juu ya hiyo maneno. Ungenyamaza, mimi ndiye ningemlaza huyo mama, kwa mkono yangu, na nisijue."

Akaniandikisha ripoti kwa mkono wangu mwenyewe, kwa Kiingereza changu kile cha kuchechemea, kila kitu bila kuruka. Majaribio yangu yakaongezwa miezi mitatu mingine, na mwezi mzima sikuruhusiwa kuachwa peke yangu na mgonjwa. Kisha akanituma niwaeleze wale wageni waliokuwa nje, mume wa Mama Riziki akiwemo, kwa lugha yetu, yeye akiwa amesimama kando.

Mchungaji Byamungu alisikiliza mpaka mwisho. "Basi ni siye tulikuwa karibu kumuua?" akauliza.

"Hapana, mutumishi. Ninyi mulikuja kuomba, na muliomba. Mimi ndiye nilikuwa kazini."

"Sasa tutaomba namna gani?"

"Wawili ndani, wengine hapa kwa baraza. Na mimi nitasema amina nikiwa naangalia mashine."

"Hee! Amina ya macho wazi!" akasema yule mama wa kwaya. Wengine walicheka. Mume wa Mama Riziki hakucheka, wala sikutegemea acheke. Alikaa wiki nzima bila kunisalimu, na haki alikuwa nayo.

Jumatano Mama Riziki alitolewa maski, akabaki na mipira midogo ya puani. Nilikuwa namnywesha uji kwa kijiko, mwenzangu akitusimamia. Akameza, akaniambia, "Nilikuwa nasikia."

"Ulisikia nini, mama?"

"Yote. Nilisikia unasema hakuna kitu. Nikajua niko nakufa, na mutu mwenye anajua sababu amesimama hapa pembeni, ananyamaza. Niliogopa hiyo kuliko kukosa pumzi." Akapumzika. "Halafu nikasikia unasema ngoja."

Nikamweka sawa mto, akafungua kinywa kwa kijiko kingine.

Ndiyo maana nakuambia haya mapema, mwanangu. Watakufundisha mengi, uyashike. Mimi nakuomba uongeze haya machache. Ukipokea zamu, mguse mgonjwa kwanza, halafu ufuate kila mrija kwa mkono wako kutoka kwake mpaka unapoanzia, hata kama anayekukabidhi ni rafiki yako na amekuapia kwamba kila kitu kiko sawa. Kengele ikilia mara mia kwa sababu ya kidole, nenda mara mia, na ukiona inasumbua, rekebisha kidole, usiinyamazishe. Watu wetu wakija, wapende, wasalimie kwa lugha yao, uwaambie ni wawili. Watakukasirikia, na watakuja tena kesho.

Na utakosea. Mimi nimekosea tena tangu siku ile, makosa mengine. Siku hiyo usisubiri kuona kama mambo yatajirekebisha yenyewe. Sema palepale, kwa maneno mafupi, hata kama kazi inaondoka, kwa sababu walio na sindano mkononi wanategemea kinywa chako, na aliyelala kitandani anakusikia.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akupe macho yasiyochoka na mikono yenye huruma. Akupe wakubwa wanaouliza kabla ya kutenda, na neno "ngoja" lisikuwie zito ulimini siku utakapolihitaji. Na wale utakaowapokea wamebebwa, akujalie uwaone wakitoka mlangoni kwa miguu yao wenyewe.