Chupa Hutoka Mbili Mbili

Shangazi yangu hupima maji. Amebeba chupa miaka ishirini, hata wenzake ofisini wakambandika jina la Mama Chupa. Kila chupa huisuuza mara tatu kwa maji yaleyale atakayoyapima. Ukimharakisha atakwambia, "Haraka yako, chupa yangu."

Mwaka huu kiwanda cha ngozi kiliomba kibali kipya, na kibali hakitoki bila saini yake. Siku ya kupima alikuta mpira wa maji safi umetumbukizwa kwenye bomba la taka. Uchafu ni uleule, umezimuliwa tu. Bomba likafaulu. Shangazi akateremka mtoni, pale watu wanapochota maji ya kunywa, akajaza chupa ya pili. Mto ukaanguka vibaya.

"Mto si wetu, dada," bosi wake alisema. "Sheria ya mazingira inaangalia bomba. Mto uko chini ya sheria ya maji, ghorofa ya juu."

Akapanda. Huko wakacheka: "Uchafu umetoka bombani, Mama Chupa. Bomba ni la huko chini."

Ndizo sheria zetu hizo! Mbili zinalinda maji yaleyale, kila moja inamsukumia mwenzake mzigo, na kiwanda kinapita katikati kama mbu aliyeona tundu la chandarua.

Shangazi hakwenda chuo kama mimi, lakini sheria amezisoma. Aliifungua ile ya mazingira mezani kwa bosi, akaweka kidole: anayetimiza sheria hii hajasamehewa nyingine, na viwango vikipishana, kilicho kikali ndicho kifuatwe.

"Fomu haina nafasi ya mto," bosi aling'ang'ania.

"Ngoja niipe." Akachukua rula, akachora mstari, akaandika kipimo cha mto chini ya kipimo cha bomba, akasaini.

"Unajua utakapopelekwa?"

"Popote, kaka, ilimradi pana kiti."

Kwa kipimo hicho cha mto kibali kikakwama. Yeye akahamishiwa stoo, kuosha na kugawa chupa. Nilimfuata huko nikifoka kwamba nitawaandika magazetini.

"Punguza moto, mwanangu," alisema. "Soma kwanza mlango."

Alikuwa amebandika hapo karatasi yenye mwandiko wake: CHUPA HUTOKA MBILI MBILI. MOJA YA BOMBA, MOJA YA MTO. Wapimaji wa ghorofa zote huchukua chupa hapo, na stoo nyingine hakuna.

Mpimaji mmoja akaingia, akaomba moja tu.

"Moja sina," Shangazi alimjibu.

Nyuma yake rafu zilijaa chupa hadi darini.