Ubao wa Chini ya Dirisha

Huu ni mwaka wa ishirini na sita nikiwa seremala. Nimetandika sakafu za mbao kwa mawakili, kwa madaktari, hata kwa tajiri mmoja aliyelala kifudifudi kutafuta mwinuko, akaukosa. Sakafu iliyooza ilikuwa ya mama yangu mzazi. "Mganga hajigangi," nilimtania, naye hacheki. Mwaka mzima nilikuwa namwahidi Jumamosi.

Basi Jumamosi moja naingia, namkuta shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, kapiga magoti sebuleni kwa mama. Huyu ni karani, kazi yake kugonga mihuri! Leo kashika drili mpya, penseli kaichomeka sikioni, eti fundi. Na mama anampepea kwa gazeti. Anampepea! Mimi hajanipepea tangu nilipougua surua.

"Mwone mkwe wangu," mama akasema. "Hata sikumwomba. Mbao kanunua mwenyewe. Chanda chema huvikwa pete."

"Hongera," nikajibu. Roho iliniuma, sifichi.

"Kaka, hebu nikagulie," shemeji akaniomba. Adabu yake ndiyo ilizidi kunitia hasira.

Nikatembea juu ya mbao zake. Vanishi imekolea, viungo vimekaa sawasawa. Natafuta kasoro, siioni. Nilipofika chini ya dirisha, mahali mvua inapoingilia, nikagonga ubao kwa kisigino. Ukatoa mlio mzito, mlegevu. Fundi haambiwi mara mbili. Jamaa kabandua mbao kuukuu, kapigilia mpya juu ya boriti ileile iliyooza, bila hata kuichoma kwa bisibisi aone kama ni nzima. Na boriti ndiyo inayobeba mbao zote. Kupigilia msumari kwenye boriti iliyooza ni sawa na kuuchomeka kwenye kiazi kilichochemshwa.

Neno moja tu lingetosha. Tungeng'oa mbao nne, tukakata palipooza, tukaunga kipande kipya, na jioni ingetukuta tumemaliza. Lakini mama alikuwa anammiminia chai, ananicheka kwamba mimi ni fundi wa mdomo. Nikawaza, acha ibonyee. Acha aumbuke huyu, ndipo mama ajue nani fundi.

"Iko sawa kabisa," nikasema.

Siku ya kumi na moja mvua ilinyesha, mama akaenda kufunga dirisha. Ubao ukazama. Mguu ukaingia mpaka gotini, kifundo kikavunjika.

Nilipofika hospitali shemeji alikuwa kando ya kitanda, machozi yanamtoka mtu mzima yule. "Nisamehe, mama. Nilijitia ufundi nisioujua." Mama akawa anampapasa kichwa. Hata leo! Hata baada ya kumvunja mguu, bado yeye ndiye anayepapaswa! Nikashindwa kujizuia.

"Kazi ya fundi aachiwe fundi," nikafoka. "Boriti ilikuwa imeoza. Mimi nilipogonga tu kwa kisigino, nilijua palepale!"

Nikasikia maneno yangu yalipokwisha kunitoka. Dada yangu akaziba mdomo kwa kiganja. Mama akanitazama, akanitazama, nami nikakosa pa kuyaweka macho.

Kisha akamgeukia shemeji, akamshika mkono.

"Nyamaza, mwanangu," akamwambia. "Wewe hukujua."