Kilima Nyuma ya Gunia

Sinema ya mchana haiwezekani bila magunia. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyepandishwa juu ya meza kuyapigilia misumari madirishani, na vumbi la mahindi ya mwaka juzi likaniingia puani nikapiga chafya kama mbuzi aliyelamba ugoro. Ukumbi wa kanisa letu hapa Matiliku una madirisha manne, yote yanatazama kilima, na ikifika saa nane jua linaingia humo bila kubisha hodi. Juu ya magunia tukatundika blanketi za mama mchungaji, tukaambiwa tusizichunguze sana.

Sinema ililetwa mchana kwa sababu dereva wa gari la mradi alikataa kulala kwetu. Alisema kunguni wa hoteli yetu washamzoea. Filamu yenyewe ilikuwa ya mazingira, neno ambalo mwaka huo lilikuwa limeingia kila mahali, hata kwa maombi. Na ilikuwa ya Kiingereza.

Hapo ndipo nilipopata kazi. Kanisani kwetu mhubiri mgeni akisema Kiingereza, mkalimani husimama kando yake na kumgeuza Kikamba, sentensi kwa sentensi, pamoja na mwili wake wote. Mhubiri akipiga ngumi hewani, naye anapiga. Mhubiri akilia, mkalimani analia pia, ingawa machozi yake huchelewa kidogo. Nilikuwa kidato cha pili, na kumwiga mkalimani wetu nyuma ya jikoni ya shule ndiyo somo pekee nililokuwa naongoza. Siku hiyo mwenyewe alikuwa amekwenda kumzika shemeji yake huko Zombe. Chifu akasema, "Basi leteni yule msichana wa kuigaiga." Alisema hivyo kwa dharau, nami nikachukua maiki.

Sasa, ile filamu haikuwa ya burudani. Chifu alikuwa amepita soko zima akieleza kwamba ikiisha tutanyoosha mikono. Mkono juu ulimaanisha kukubali upande wa kilima ulioko juu ya soko uzungushiwe waya, upandwe miti ya mradi, na wenye mashamba pale washuke tambarare. Tambarare yetu naijua. Hata miiba ya huko imekaa kama inangoja gari la kuondoka. Na shamba la mama liko kilimani. Si kubwa, lakini kila nilichowahi kula nyumbani kilitoka pale: kunde, mahindi, mbaazi. Likizungushiwa waya, sisi ni wa kuomba.

Tena halikuwa shamba la kuachiwa mvua. Mama na wenzake wa mwethya, wale akina mama wanaolimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, walikuwa wamelikata matuta ya fanya juu, mtaro chini na udongo kurushwa juu yake. Aliyewafundisha ni afisa wa kilimo, wa serikali hiyohiyo ya chifu, kwa kamba na vigingi vyake.

Ikaanza. Jenereta ikanguruma nje, mwanga ukapiga ukuta, akatokea ng'ombe mwenye mbavu za kuhesabika. Nikamgeuza Kikamba. Ikaja ramani, nikaigeuza. Sauti ya filamu haipumui kama mhubiri, kwa hivyo nilikuwa nakimbia nyuma yake kama mtu anayefukuza kuku, lakini nilikuwa namshika. Chifu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kando yake bwana wa mradi, mzungu mwenye kaptula na soksi za kufika magotini, naye akatikisa, ingawa hakujua neno moja la nilichosema.

Halafu ukutani kikatokea kilima chetu.

Nilikijua kwa lile jiwe lake lililokaa kama chapati iliyokataa kuiva. Ukumbi nao ukakijua. Picha ikasogea karibu, wakaonekana wanawake na majembe, na mbele yao mmoja aliyefunga kitambaa cha manjano, ameinama, jembe juu. Nikasema kwenye maiki, "Huyo ni mwaitu," yaani huyo ni mama yangu, kabla sijakumbuka kwamba nilikuwa kazini. Watu wakapiga makofi. Mama, aliyekuwa benchi la tatu, akajifanya anafunga kiatu.

Siku ile ya kupigwa picha naikumbuka, nilikuwa nimewapelekea uji. Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua haijaja, na watu wenye kamera ya miguu mitatu waliwaambia akina mama kwamba wanataka kuonyesha kazi yao. Wakaazima vitambaa vizuri. Walichimba wakiimba mpaka koo zikakauka. Ukutani sasa wimbo haukuwepo. Mahali pake palikuwa na muziki wa mtu aliyefiwa, na ile mitaro mipya, myekundu kabisa kwa sababu nyasi zilikuwa hazijapandwa kingoni, ilionekana kama kidonda. Sauti ikasema hivyo hivyo. Ikasema watu wa hapa wameukatakata mlima wao kwa mikono yao wenyewe, na kila jembe linapoanguka mlima unazidi kufa.

Ukumbi ukanigeukia, ukingoja Kikamba.

Chifu Kiingereza alikijua. Akaninong'oneza, mkono wake umefunika maiki, "Sema wanasifiwa kwa bidii yao. Usituletee maneno."

Nilijua ingekuwa rahisi. Uongo mimi nilikuwa nautoa bure kila siku, hata ule usioombwa. Ningesema wanasifiwa, wangeshangilia, na kwa furaha hiyo hiyo wangenyoosha mikono na kulipeana shamba la mama wakicheka. Nikautoa mkono wa chifu kwenye maiki. Nikafasiri neno kwa neno, na palipokuwa na kufa nikasema kufa.

Makofi yakakatika. Mama akasimama.

"Inasema hivyo juu yangu?"

"Inasema hivyo, mwaitu."

"Na wewe hujaongeza chumvi zako?"

"Leo sijaongeza."

Akatazama ukuta, akajitazama pale alipoinama na kitambaa cha kuazima. Kisha akaniambia, polepole, kama anayenituma maji, "Toa hilo gunia."

Nililipigilia mwenyewe, nilijua msumari uliolegea. Nikavuta. Gunia likashuka na blanketi ya mchungaji, jua likaingia lote kwa pamoja, na ukutani pakabaki doa la rangi ya chai. Sinema ikafa. Sauti yake tu ndiyo iliendelea, ikieleza mlima uliokufa, na dirishani mlima wenyewe umesimama: mwezi wa tano, mbaazi zimepita kimo cha mtu, nyasi zimefunga kila tuta, mstari juu ya mstari, kijani mpaka kwenye jiwe la chapati.

Bwana wa mradi akaruka. Akasema kwa Kiingereza kwamba dirisha lifungwe, na kwamba filamu imetengenezwa na watu wanaojua kazi yao. Nikafasiri, pamoja na kidole chake cha kutikisatikisa. Watu wakacheka vibaya.

Mama hakucheka. "Mwambie walikuja mwezi wa kumi," akasema. "Mwambie mimi sinyooshi mkono."

Nikamwambia kwa Kiingereza, mkono mmoja kiunoni kama wa mama. Akanitazama mimi, hakumtazama mama. Dirisha pia hakulitazama.

Chifu hata hivyo akauliza, kwa sababu aliagizwa aulize: wanaokubali wanyooshe. Akina mama wa mwethya wakakalia mikono yao, benchi zima. Mzee mmoja akainua wake kujikuna kichwa, mkewe akaushusha. Chifu akasema jambo hili halijaisha, litarudi, na naamini litarudi, mambo ya chifu hayana makaburi. Jumatatu hedimasta akanichapa kwa kuaibisha wageni. Nilipomwiga darasani mchana wake, nilimwiga na ile fimbo.

Mama mchungaji alikuja kuchukua blanketi yake, akaikung'uta, akaenda zake. Gunia mama alilibeba nyumbani. Akaziba tundu la msumari kwa kipande cha kitambaa, na mbaazi za kilimani zilipokauka akalijaza mpaka likakataa kufungwa mdomo. Wakirudi na sinema yao watafute magunia mengine. Hilo lina kazi.