Nati ya Gari la Kufuli

Baba yangu anafunga vitu. Anafunga mlango, anafunga kabati, anafunga hata sanduku la kuwekea funguo. Shangazi, dada yake mkubwa, alimpachika jina la Kufuli tangu wakiwa watoto, na mtaani kwetu hakuna anayemwita vingine. Aliponunua gari lake, jambo la kwanza lilikuwa kulifunga kila gurudumu kwa nati moja ya siri, ile ya mviringo isiyoshikika kwa spana yoyote, isiyofunguka bila kichwa chake maalumu. Kichwa hicho akakificha pahali salama. Salama kiasi kwamba hata yeye mwenyewe hakukiona tena.

Nisikilizeni basi, maana hii habari kila nikiisimulia nashindwa kukaa kitini.

Shangazi ni fundi wa magurudumu. Gereji yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, na saluni yangu iko upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo nyundo yake naijua kuliko redio yangu. Ndani kuna kompresa, matairi yaliyopangana hadi darini, karai la maji la kutafutia matundu, na ubao wa soketi, vile vikombe vya chuma vya kufungulia nati, zilizotundikwa kwa ukubwa wake. Kwenye ukuta wa nyuma, juu ya ubao huo, kuna kioo kikubwa kilichomeguka pembe, nilichompa nilipobadilisha vioo vya saluni. Wateja wakikiona wanamtania kwamba siku hizi anajipamba. Wapi! Shangazi ni mtu wa kutoka nyumbani na masizi shavuni na asijue. Kioo kile anakitumia kuona kinachomjia kwa nyuma, kwa sababu masikio yamemwacha mkono.

Yalimwacha polepole, kwa miaka mingi ya nyundo na kompresa. La kulia limekufa kabisa, la kushoto linapata kitu ukipaza sauti kwa karibu. Na hapo ndipo penye kasheshe, kwa kuwa Baba hawezi kumpazia sauti dada yake. Huyo ndiye aliyembeba mgongoni na kumfundisha kufunga kamba za viatu, na Baba anaona kumpigia kelele mtu wa namna hiyo ni kumvunjia heshima. Basi husema kwa sauti ileile ya chini, uso ameuinamisha, Shangazi hasikii, kisha Baba hunigeukia mimi na kusema, "Mwambie shangazi yako." Nimekuwa mkalimani wa watu wawili waliozaliwa nyumba moja.

Siku ninayoisimulia, Baba alikuwa anakuja kumfungia gereji. Kwenye simu alikuwa ameninong'oneza yote. Wiki chache nyuma, gari la mteja lilirudi kinyumenyume, Shangazi hakusikia honi wala kelele zetu, likalikanyaga karai alilokuwa ameliinamia muda mfupi uliopita. Kioo kilitundikwa baada ya hapo, lakini Baba usingizi ulikuwa umeshamruka. Chumba ni urithi wao wawili, na yeye alikuwa amepata mpangaji, muuza simu mmoja, ambaye angekuja kukiona asubuhi hiyohiyo. Dada akapumzike nyumbani. Sikumlaumu Baba kwa kuogopa, hata mimi niliogopa. Nilimkasirikia kwa kutaka habari hiyo nzito niipeleke mimi.

Alipokunja kona ya kuingia mtaani, tairi la mbele likagonga ukingo wa mtaro na kuishiwa upepo wote. Akajikokota hivyo hivyo hadi mlangoni mwa gereji aliyokuja kuifunga. Nilicheka mpaka mteja niliyekuwa namsuka akashika kichwa chake akaniomba nimalize kucheka kwanza.

Baba hakutaka kuomba msaada, angeanzia wapi? Akatoa spana akaanza kulegeza nati mwenyewe. Za kawaida zikamtii. Ile ya siri ikamtazama tu. Hapo akaanza kutafuta kichwa chake: droo ya mbele, chini ya mazulia, ndani ya buti, ndani ya soksi aliyoificha ndani ya gurudumu la akiba. Alipata tochi iliyooza betri, alipata funguo za nyumba tuliyohama nikiwa mdogo, kichwa cha nati hakipo. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akaacha mashine yake akaja kutupa ushauri wa bure. Akasema kwenye gereji kubwa kule barabarani nati kama hizo huzikata kwa moto, na rimu huponea chupuchupu. Baba akazitazama rimu zake anazozifuta kwa kitambaa kila asubuhi, na uso ukamporomoka.

Ndipo Shangazi akatoka akijifuta mikono. Aliinama, akaipapasa ile nati kwa kidole gumba, akamtazama mdogo wake, akaguna. Kisha akarudi ndani kwenye ubao wa soketi.

Baba alisimama mlangoni, Shangazi akiwa amempa mgongo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie aache. Nati hii inafunguliwa kwa sikio, yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Na mwambie kuhusu mpangaji, yuko njiani. Hapa hapamfai tena."

Ya sikio ilikuwa kweli. Nati ya siri ikipotelewa na kichwa chake, unachukua soketi ndogo kuliko nati yenyewe kwa kiasi cha unywele, unaigongelea kwa nyundo mpaka iume. Ikilia kama kengele, bado inacheza. Ikilia butu, imeshika. Asiyesikia tofauti hiyo huzungusha mapema, soketi ikateleza, nati ikazidi kulainika.

"Baba, mwambie mwenyewe," nikasema. Kule ndani mkono wa Shangazi ulitulia kidogo juu ya ubao, kisha ukachomoa soketi moja. Nilidhani anachagua.

Sikurudi saluni. Mteja wangu naye alitoka na nywele nusu, kitambaa kikiwa bado mabegani, akasema hili hawezi kuhadithiwa.

Kitu cha kwanza alichofanya Shangazi kilikuwa kuzikaza tena zile nati alizolegeza Baba. Baba akanitazama kwa huzuni, kwamba unaona, keshachanganyikiwa. Shangazi akaeleza huku akikaza, bila kuulizwa: ukilegeza hizi nyingine, gurudumu lote linaiegemea ile moja nayo inazidi kung'ang'ania, na hilo ni kosa la watu wenye haraka. Fundi cherehani akakohoa kuficha kicheko. Shangazi akaisugua nati kwa brashi ya waya, akaipaka mafuta, akaipa muda. Halafu nyundo ikaanza.

Akagonga, akagonga, akavalisha mpini, akavuta. Soketi ikachomoka, vifundo vya vidole vyake vikajigonga kwenye rimu vikatoa damu. Baba akafumba macho. Mimi nikawa namlaani muuza simu kimoyomoyo, na hata sikuwa namjua.

Shangazi akanyonya kidole, akaenda kuchukua soketi ndogo zaidi. Aliporudi hakuishika nyundo mara moja. "Kufuli, njoo hapa," akasema. Akaushika mkono wa Baba, mkono safi wa mtu wa ofisini, akaukunja kuizunguka shingo ya soketi, na juu yake akaweka wake wa kushoto. Akagonga.

"Mkono unatetemeka kwa pigo?" akamuuliza.

Baba akaitikia kwa kichwa. Shangazi akagonga tena, na tena, kwa pigo fupi lenye uzito. Nilimwona Baba akikunja uso, kisha ukakunjuka taratibu. Akautazama mkono wake, akamtazama dada yake.

"Sasa mkono umetulia, siyo?" Shangazi akasema. "Imeuma. Sasa tuvute."

Akavalisha mpini, akauongezea bomba refu, wakalilalia wote wawili, kaka na dada, mmoja na ovaroli na mwingine na tai. Hakikutokea kitu. Wakalilalia tena. Halafu kikasikika kishindo kikavu, ta! Na wallahi, Shangazi alicheka kabla yetu. Sisi wenye masikio bado tulikuwa tunajiuliza kama rimu imepasuka, yeye mikono ilikuwa imeshamwambia. Nati ikazunguka, ikatoka, rimu haina hata mkwaruzo. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Mteja wangu alimkumbatia fundi cherehani, na ndiyo kwanza wanaonana.

Simu ya Baba ikaita katikati ya shangwe hizo. Alikuwa muuza simu, amefika konani, anauliza mlango ni upi. Furaha yote ikanishuka miguuni. Baba akatupa kisogo, akaelekea barabarani, akazungumza chinichini kama kawaida yake, hata mimi sikuambulia kitu.

"Kufuli," Shangazi akaita. "Geuka. Ukinipa mgongo sikusikii. Pale mlangoni nilikusikia vizuri, midomo yako ilikuwa ndani ya kioo."

Baba akabaki na simu mkononi. Mimi nikaukumbuka ule mkono uliotulia juu ya ubao. Alikuwa amejua kila kitu. Aligonga nati ile akijua anakigongea chumba chake, hakulia, hakugomba, alienda tu kuchagua soketi.

Baba akageuka. Macho yalikuwa mekundu. Akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akampigia kelele dada yake mkubwa, kelele za kusikika hadi kwa muuza simu kule konani.

"Dada, nimemwambia arudi. Nimemwambia chumba hiki kina mwenyewe."

Shangazi akamtazama midomo mpaka neno la mwisho. Akajifuta macho kwa kiwiko, akaongeza masizi.

"Unanipigia kelele mimi, niliyekubeba?" akasema. "Haya, sogea. Bado magurudumu mengine."

Akachukua nyundo akaenda gurudumu la nyuma. Alipofika, Baba alikuwa ameshachuchumaa, tai ameitupia begani, kiganja kikiwa juu ya nati kinasubiri.