Seli Zisizosifiwa

Miaka kumi na tisa Lamduan amelisha seli katika maabara ya hospitali moja ya mji wa Khon Kaen, na hajapata kuzisifu hata siku moja. Kwao mtoto mchanga husemwa ana sura mbaya, mizimu isije ikamtamani. Dada yake Lamduan, akiwa mchanga, alisifiwa waziwazi na mgeni mmoja; hakumaliza mwezi, akafa. Basi kila asubuhi Lamduan akifungua kabati la joto huziambia seli, "Aka! Sura gani hizo? Nani atawataka nyie?" Kisha huzibadilishia maji yao ya chakula. Zilizokufa tu ndizo huambiwa nzuri, maana hizo hazina tena cha kuhusudiwa.

Mwezi wa nne ikafika zamu ya Saengdao, muuza kachumbari ya papai bichi, mwenye saratani ya damu. Seli shina za kaka yake zilikuwa zimefanyiwa ufundi mpaka zikajua kuiwinda saratani. Uboho wa Saengdao mwenyewe, unaotengeneza damu mifupani, ulikwisha kuuawa kwa dawa kali, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna. Na mfuko wa seli ulikuwa mmoja.

Dokta Phuwadol, kijana wa Bangkok aliyeanza kazi Jumatatu, akampigia Lamduan simu kutoka wodini.

"Shangazi, seli za Saengdao zikoje?"

"Mbaya, daktari. Zinatia kinyaa."

Kwenye fomu Lamduan alikuwa ameandika kweli: tisini na sita kwa mia ziko hai. Lakini fomu ilikuwa bado njiani, na mdomo hufika kabla ya karatasi. Baada ya dakika tano likaja agizo: tiba isimame, mfuko utupwe.

Jamani! Lamduan aliukumbatia mfuko wake, akashuka ngazi mbio na ndara za maabara, jambo lililokatazwa kwa maandishi. Akamkuta daktari ameshaanza kumpa Saengdao pole.

"Nani kasema ni mbaya?" Saengdao aliuliza, sauti haina nguvu.

"Shangazi wa maabara."

"Mtu wa wapi huyo?"

"Wa hapa hapa," akasema Lamduan mlangoni, anahema.

Saengdao akacheka mpaka akakohoa. "We daktari nawe! Mimi mama kaniita Chura mpaka naolewa. Hebu nipeni hizo mbaya zangu."

Fomu ikaletwa. Daktari akaisoma mara mbili, uso umemshuka, mfuko ukatundikwa.

Seli huchukua wiki mbili tatu kushika mwilini, au zisishike. Lamduan haruhusiwi wodini. Alilisha nyingine, akala wali wake, usingizi hakuupata.

Siku ya kumi na nane simu ikalia.

"Shangazi, nimetoka kumwona Saengdao."

Lamduan akashika meza. Neno moja tu alikuwa akiliogopa, nalo ni "mzuri".

"Yukoje?"

"Ana sura mbaya huyo, shangazi. Sijapata kuona."

Lamduan akakaa sakafuni na koti lake jeupe, akalia kwa furaha. Seli za kabatini zilikuwa zinangoja kulishwa. Akaziambia zingoje.