Uji wa Ng'ambo ya Thuci

Wacha niseme ukweli kabla hujausikia kwa wengine: mimi Wambura nilimwonea Celina wivu mpaka nikakonda. Sote wawili tulikuwa tukiuza uji wa mtama soko la Ishiara. Wangu ulikuwa uji tu. Wake, sijui aliutia nini, watu waliunywa wakifumba macho. Hata mzee Nyaga, mteja wangu wa miaka mingi, siku moja alinipita na kikombe mkononi, akanisalimia kwa adabu ya mtu anayepita penye msiba, akaenda kukijaza kwa Celina!

Na kumfukuza singeweza. Celina ni Mtharaka wa ng'ambo ya mto Thuci, mimi Mmbeere, lakini ukoo wao na wetu ni gichiaro, udugu wa kiapo walichokula babu zetu. Gichiaro wako akikuomba kitu, humnyimi. Ukimnyima, balaa iko mlangoni. Kwa hivyo alipoomba nafasi kando ya meko yangu nilisema, "Karibu, gichiaro," huku roho ikiniuma.

Basi kaunti zikaja, mto Thuci ukawa mpaka wa serikali mbili, na baadaye kizuizi kikawekwa pale darajani, chuma cha rangi nyekundu na nyeupe, na askari wawili wageni. Mtu wa ng'ambo akitaka kuuza kwetu awe na kibali, asipokuwa nacho arudi alikotoka. Lakini askari wangejuaje nani ni wa wapi? Tunafanana, tunasikizana lugha, tumeoana. Mwezi mzima Celina alipita akiwaamkua, sufuria kichwani.

Nilienda mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Nikamwambia yule askari mrefu, "Afande, yule wa sufuria ya bluu si wa hapa. Ni wa ng'ambo."

Wakamrudisha. Uji wake wakaumwaga barabarani. Siku hiyo niliuza sufuria mbili, nikaimba nikiosha vikombe. Mungu anisamehe, niliimba.

Furaha yangu haikumaliza wiki. Vijana wa Tharaka walisema, kama mama yetu hapiti, nanyi hampiti. Wakalaza magogo barabarani upande wao. Kilikuwa kiangazi, mifugo yetu ilikuwa huko kwa malisho, na mume wangu Njoka alikuwa huko huko na mbuzi wetu. Mchungaji mmoja akarudi amepasuliwa kichwa. Vijana wetu nao wakaanza kunoa mapanga. Siku ya nne Njoka hajaonekana, na soko zima linauliza, "Haya mambo yalianzishwa na nani?" Mimi nakoroga uji. Nilijua panga moja likiinuka upande wetu, wa kwanza kukatwa kule ni Njoka.

Siku ya tano watu walijaa darajani, wetu huku, wao kule. Askari walikuwa wamejifungia kibandani. Nikajipenyeza katikati ya wanaume, nikapaza sauti: "Ni mimi! Mimi ndiye niliyemchoma Celina kwa askari! Si kabila, si serikali. Ni uji!"

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Kule ng'ambo watu wakapisha njia, Celina akatokea, na nyuma yake Njoka wangu, mzima kabisa. Siku zote hizo Celina alikuwa amemficha nyumbani kwake vijana wasimguse, maana ni mume wa gichiaro. Nililia kwa shukrani. Halafu nikamtazama Njoka vizuri mashavuni. Alikuwa amenenepa! Wivu ni ugonjwa, jamani.

Mzee Nyaga akasema kosa la gichiaro halipelekwi kortini. Celina aombe anachotaka, nami nitoe. Nilijua ataomba mbuzi, na nilikuwa tayari kutoa wote.

Celina akasema, "Mbuzi wako sitaki, gichiaro. Kizuizi bado kipo, na kibali sina. Kila siku ya soko utakuja hapa darajani, uchukue uji wangu, ukaniuzie. Na uwaambie watu ni wangu."

Weh! Vijana wa pande zote mbili walicheka mpaka wakashika mbavu, mapanga yakasahaulika chini. Magogo yaliondolewa siku hiyo hiyo.

Mimi sikucheka. Tangu hapo nabeba uji wa Celina kichwani, nauweka kando ya wangu, nausifu kwa mdomo wangu mwenyewe. Kabla ya saa sita wake umekwisha. Juzi Njoka alifika sokoni amechoka, jasho linamtiririka.

"Wa Celina umebaki?"

"Umekwisha. Kuna wangu."

Mume wangu wa miaka kumi na tisa akaitazama sufuria yangu, akasema hana kiu.